Kakao: kwa nini maua mengi, matunda machache?

Kwenye mashamba ya kakao ya Beni, Irumu na Mambasa, jambo moja linarudi kila msimu. Mti unajaa maua toka chini ya shina mpaka kwenye matawi, lakini wakati wa kuvuna, matunda yanahesabika. Kuna wanaosema ni jua, wengine wanasema ni mvua, wengine wanalaumu mbegu. Vyote hivyo vinaweza kuchangia. Lakini iko sababu ingine isiyoonekana kwa haraka: kadudu kadogo kuliko mbu, kanakobeba unga wa ua moja na kuupeleka kwenye ua lingine. Kasipokuwepo, ua linaanguka bure.

Jambo hili linagusa mfuko. Kakao ndiyo inayolipa minerval ya watoto, dawa na mabati ya nyumba kwa familia nyingi. Mwaka 2024 bei yake kwenye soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tani, kisha ikashuka tena mwaka uliofuata. Upande mwingine, mashamba ya mbali hayafikiki tena kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Watu wameuawa wakiwa wanavuna. Kwa mkulima aliyebakiwa na kashamba kadogo karibu na kijiji, kila mti unapaswa kuzaa vizuri.

Ua linaloishi siku moja

Ua la kakao ni dogo, jeupe lenye rangi ya waridi kidogo. Halitoki kwenye ncha za matawi sawa lile la avoka; linatoka kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa. Linaanza kufunguka jioni, na asubuhi mapema liko wazi kabisa. Kama halikupata unga wa dume, yaani chavua, siku ile au kesho yake, linaanguka.

Unga huo unanata, upepo hauubebi vizuri. Tena umefichwa: sehemu za dume ziko ndani ya vikofia vya petali, na sehemu ya kike imezungukwa na vijiti vitano kama uzio. Nyuki wa asali ni mkubwa mno kwa mlango huo. Zaidi ya hapo, miti mingi ya kakao haikubali unga wake yenyewe, inataka ule wa mti mwingine. Na kila mbegu inahitaji punje yake ya unga. Tunda lenye mbegu 40 limepata punje zisizopungua 40. Ndiyo maana katika maua 100, mara nyingi hayafiki 5 yanayofika kuwa matunda.

Kutofautisha hasara

Si kila hasara inatokana na kukosa mdudu. Mkulima anaweza kuangalia hivi:

– Ua zima linaanguka siku moja au mbili baada ya kufunguka: halikupata unga.

– Katunda kadogo kanageuka njano, kisha keusi, kanakauka lakini kanabaki kimeshikilia mti: unga ulifika, ila mti wenyewe umekaacha kwa sababu hauna chakula au maji ya kutosha.

– Tunda kubwa linapata doa la kahawia linalopanuka haraka, hasa wakati wa mvua: huo ni ugonjwa wa kuoza kwa matunda, na dawa yake ni ingine.

Kisubi na nyumba yake

Mdudu anayefanya kazi hii ni kisubi wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Forcipomyia. Urefu wake ni milimita 1 hadi 3. Anatembelea maua zaidi asubuhi mapema, wakati bado kuna ubaridi na unyevu.

Kisubi hataki mzinga. Anataga mayai kwenye vitu vinavyooza kivulini: majani makavu yaliyolowa, maganda ya kakao, vigogo vya migomba. Watoto wake wanakulia humo kabla ya kuota mabawa. Shamba lililofagiwa mpaka udongo mtupu, bila kivuli, linaonekana safi, lakini kisubi hana pa kuzalia.

Kule Ghana, watafiti walijaribu kuweka vitu vya kuoza chini ya kakao, vikiwemo vigogo vya migomba, ili visubi viongezeke. Indonesia, kwenye kisiwa cha Sulawesi, wengine walipaka unga kwa mkono ua kwa ua, na mavuno yakapanda sana. Kazi ya mkono inachukua muda mwingi, lakini inaonyesha kwamba mti ulikuwa na nguvu ya kuzaa zaidi. Ulikosa unga tu.

Uchafu gani ubaki, gani utoke

Hapa ndipo shauri linakuwa gumu. Maganda yanazalisha visubi, lakini ganda la tunda lililooza linatunza pia ugonjwa na kuurudisha kwa matunda mapya. Kwa hiyo matunda yenye ugonjwa yatolewe shambani na kuzikwa. Maganda ya matunda mazima yanaweza kurundikwa kivulini, mbali kidogo na mashina.

Kigogo cha mgomba ni salama zaidi. Kinakatwa vipande, kinalazwa kati ya mistari ya kakao na kuachwa kioze, kisha kinaongezwa kingine. Lakini kitoke kwenye mgomba mzima. Mgomba wenye mnyauko, ule ugonjwa uliomaliza mashamba mengi Kivu, usihamishwe toka shamba moja kwenda lingine.

Saa ya kupompa dawa

Dawa ya kuua wadudu haichagui. Inaua wafyonzaji wanaoharibu matunda, na inaua kisubi pia. Kupompa shamba zima asubuhi wakati wa maua ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ndiyo saa yake ya kazi. Ni bora kupompa miti ile tu iliyoshambuliwa, na kungoja maua yapungue kama inawezekana.

Malaysia walijifunza thamani ya mdudu kwa njia ingine. Mchikichi wa Afrika ulipandwa kule bila mdudu wake, na watu walilazimika kupaka unga kwa mkono. Mwaka 1981 walipelekewa kambawakawa kadogo toka Kamerun, na kazi ile ya mkono ikaisha. Huku Kongo, mchikichi na kambawakawa kake viko nyumbani tangu zamani.

Kisubi wa kakao hauzwi dukani. Anahitaji kivuli, unyevu na vigogo viwili vitatu vinavyooza. Kwa mkulima asiyeweza kufika kwenye shamba lake la mbali, na asiyetaka kukata msitu mwingine, hiyo ni njia ya kuongeza kilo bila kuongeza hata mita moja ya shamba.