Fawn Brodie: Kutoka Kanisani na Kuanza Upya

Tunapoisoma historia ya dini, kwa kawaida tunasoma habari za walioingia: waongofu wa kwanza, wamisionari, mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani. Waliotoka hutajwa kwa neno moja, "waasi", kisha simulizi huendelea bila wao. Katika makala haya ninakusudia kumtazama mmoja wa waliotoka, mwanahistoria wa Marekani Fawn McKay Brodie. Maisha yake yanatufunza jambo kuhusu gharama ya uhuru wa dhamiri, na kuhusu kile ambacho mtu anaweza kukijenga baada ya kuilipa gharama hiyo.

Fawn McKay alizaliwa mwaka 1915 mjini Ogden, katika jimbo la Utah, akakulia Huntsville. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita Kanisa la Wamormoni, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani Illinois mwaka 1844. Wafuasi wake wengi waliongozwa na Brigham Young kuelekea magharibi, wakafika katika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Huko walichimba mifereji ya maji, wakalima, wakajenga miji na shule. Hivyo kwa mtoto wa Huntsville kanisa lilikuwa ndilo ukoo, ndilo ujirani, ndilo mpangilio wa juma zima. Kwa Fawn uhusiano huo ulikuwa wa karibu zaidi, kwani baba yake mkubwa, David O. McKay, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa, na mwaka 1951 akawa rais wake.

Imani ya binti huyu ililegea alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1936. Baadaye alikumbuka kipindi hicho kama mtu aliyevua koti zito wakati wa joto. Mwaka huohuo aliolewa na Bernard Brodie, msomi aliyetoka katika familia ya Kiyahudi. Mtu angeweza kuishia hapo: kuondoka kimyakimya, kuwatembelea wazazi, na kuepuka mjadala mezani. Fawn hakuishia hapo. Alitaka kujua Joseph Smith alikuwa nani hasa, akatumia miaka kadhaa kupekua magazeti ya zamani, kumbukumbu za mahakama na maandishi ya watu wa zama zile.

Kitabu chake, No Man Knows My History, kilichapishwa mwaka 1945. Kanisa hufundisha kwamba Kitabu cha Mormoni kilitafsiriwa kwa uwezo wa Mungu kutoka katika mabamba ya dhahabu. Brodie alikieleza kuwa kazi ya mwanadamu mwenye kipaji kikubwa, iliyobeba maswali na mijadala ya Marekani ya wakati wake. Aliandika pia kwa kina juu ya ndoa za Smith na wake wengi. Mwaka 1946 alitakiwa kujibu shtaka la uasi mbele ya baraza la kanisa. Hakuhudhuria, na akatengwa. Msomi wa Kimormoni, Hugh Nibley, alimjibu kwa kijitabu kikali mwaka huohuo. Haki inatutaka tuongeze kwamba hata baadhi ya wanahistoria wasio Wamormoni walimkosoa, wakisema alijiona anaijua mno nafsi ya mtu aliyekufa karne moja kabla.

Swali la msingi ni hili: baada ya hapo alifanya nini? Hatari ya anayetoka ni kubaki amesimama mlangoni, akibishana na nyumba aliyoiacha mpaka uzee. Brodie aliondoka mlangoni. Aliandika wasifu wa Thaddeus Stevens, mbunge aliyepinga utumwa, uliotoka mwaka 1959. Mwaka 1967 alitoa wasifu wa Richard Burton, Mwingereza yuleyule ambaye mwaka 1857 aliondoka pwani yetu pamoja na John Speke, akapita Kazeh, yaani Tabora ya leo, na kufika Ujiji mwaka 1858. Miaka miwili baadaye Burton alizuru Salt Lake City na kuandika kitabu juu ya Wamormoni. Ni kwa njia hiyo mwanamke wa Utah alijikuta akiandika habari za Ziwa Tanganyika. Bila shahada ya uzamivu, akawa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Kazi yake iliyozua mzozo mkubwa zaidi ni wasifu wa Thomas Jefferson, wa mwaka 1974. Mwaka 1873 Madison Hemings, aliyezaliwa utumwani, alieleza gazetini kwamba Jefferson alikuwa baba yake na kwamba mama yake alikuwa Sally Hemings. Kwa karne nzima wanahistoria wakubwa waliupuuza ushahidi huo. Brodie aliusikiliza, akadhihakiwa. Alifariki mwaka 1981. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mzao wa mtoto mmoja wa Sally alihusiana na ukoo wa kiume wa Jefferson, na mwaka 2000 taasisi inayotunza makazi ya Jefferson ikakubali kwamba yaelekea Jefferson ndiye aliyekuwa baba. Aliyejifunza kuuliza maswali juu ya nabii wa kwao hakushindwa kuuliza maswali juu ya mwasisi wa taifa.

Tusimfanye kuwa kielelezo chepesi. Brodie alikuwa na elimu, mume aliyemuunga mkono, na makazi ya mbali na Utah. Mkulima wa Huntsville mwenye mashaka yaleyale hakuwa na mahali pa kwenda. Desemba 1948, miaka miwili baada ya Brodie kutengwa, Azimio la Dunia la Haki za Binadamu lilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kubadili dini au imani yake. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema vivyo hivyo. Lakini sheria hufungua mlango tu. Haimpi anayetoka ndugu wa kumtembelea, kazi, wala watu wa kumzika. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama uhuru wa imani upo nchini. Nawashauri waulize pia: anayetoka leo, kanisani au msikitini, kesho atakula na nani?