Mhusika wa Kuchekesha katika Jukwaa la Wanafunzi: Mtazamo kutoka Garsen na Mto Tana

Mwaka 1957 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia ya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili nchini Kenya. Katika mwaka huo ilichapishwa michezo miwili ya Graham Hyslop, *Mgeni Karibu* na *Afadhali Mchawi*, pamoja na *Nakupenda, Lakini...* wa Henry Kuria na *Atakiwa na Polisi* wa B. M. Kurutu. Hyslop alikuwa afisa wa muziki na maigizo katika serikali ya kikoloni. Kuria alikuwa mwanafunzi wa shule ya Alliance, Kikuyu, ambako mchezo wake ulionyeshwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata wanafunzi wa shule iyo hiyo wakaonyesha *Maisha ni Nini?* wa Kimani Nyoike. Hivyo, tamthilia ya Kiswahili ya Kenya ilizaliwa shuleni, mikononi mwa vijana ambao wengi wao walikuwa wamejifunza Kiswahili na hawakukinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwigizaji anayejifunza lugha pamoja na hadhira yake huwa na chombo cha kuchekesha kilicho karibu mno na mkono wake: kosa la lugha. Atamke neno visivyo, achanganye ngeli, aburute irabu ya kwao, na ukumbi wote utaangua kicheko kabla mhusika hajatenda lolote. Huko Tanganyika, vichekesho vilivyochezwa shuleni wakati wa ukoloni vilimcheka mshamba aliyeshindwa kuvaa viatu au kula kwa uma. Mhusika wa namna hiyo huchekwa kwa upungufu wake tu, na upungufu wenyewe hupimwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ebrahim Hussein alipoitumia sanaa hiyo ya vichekesho katika *Alikiona* (1970), alionyesha kwamba inaweza kubeba zaidi ya hapo. Hata hivyo, njia ya mkato haikuachwa. Iliingia katika redio, kisha katika televisheni, na humo ikapata wapenzi wengi kuliko jukwaa lilivyowahi kuwapata.

Mfano mkubwa wa Kenya ni Mzee Ojwang wa *Vitimbi*, aliyeigizwa na Benson Wanjau, ambaye alifariki mwaka 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Ojwang alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye lafudhi nzito iliyotiwa chumvi. Kwa kanuni za karatasini, mhusika huyu angepaswa kuwa tusi. Lakini Wajaluo wenyewe walimpenda, na sababu haikuwa lafudhi. Ojwang alikuwa na hamu ya kuonekana mkubwa, woga wa mkewe Mama Kayai, na werevu uliomponyoka kila mara alipouhitaji. Mtu angeweza kuiondoa lafudhi yote na bado akabaki na mzee wa kuchekesha. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kwa mhusika yeyote wa aina hii, na ni kipimo ambacho waigaji wengi wa Ojwang hawakukifaulu.

Garsen ni mahali ambapo kipimo hicho hakikwepeki. Mji huo umekaa karibu na Mto Tana, pale barabara itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayopanda kuelekea Hola na Garissa. Wapokomo hulima kandokando ya mto. Waorma na Wawardei hufuga. Na katika maduka, masoko na ofisi hukutana nao Wasomali, Wagiriama, Wabajuni, Wajaluo na watu wa bara. Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kingazija na Kielwana. Kiorma ni tawi la Kioromo, lugha ya Kikushi ambayo asili yake haina *p*, *v* wala *z* za Kiswahili. Kwa hiyo Mpokomo hukosea Kiswahili kwa sababu kinafanana mno na lugha yake, na Muorma kwa sababu hakifanani nayo hata kidogo. Darasa la mji kama huo huwakusanya wote wawili, na wazazi wao huketi pamoja siku ya maonyesho.

Siku hiyo mwanafunzi akitokea jukwaani na fimbo begani, akasema *besa* badala ya *pesa*, nusu ya ukumbi itacheka. Nusu ya pili itasikia jambo jingine. Bonde hilo lilishuhudia mapigano ya wakulima na wafugaji mwaka 2001, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vya Riketa, Kilelengwani, Kipao na vinginevyo. Chanzo chake hakikuwa lafudhi. Kilikuwa ardhi, maji, malisho na siasa. Lakini mahali palipopita damu, mzaha wa matamshi hugeuka orodha ya nani ni nani, hata kama mchekeshaji hakukusudia. Wapo watakaosema kwamba kicheko huponya. Huponya, ndiyo, iwapo anayechekwa naye anacheka.

Basi mhusika wa kuchekesha ajengwe kwa nini? Gogol, ambaye tamthilia yake ya mwaka 1836 Waswahili waliipata kwa jina la *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, aliwaonya waigizaji wake wasitumbukie katika kutia chumvi: kadiri mwigizaji anavyofikiria kidogo habari ya kuchekesha, ndivyo uchekeshaji wa mhusika utakavyojitokeza wenyewe. Kila mtu katika mchezo ule yuko mbioni na shughuli yake, na shughuli hiyo kwake ni ya kufa na kupona. Hadhira tu ndiyo ionayo upuuzi wake.

Tana ina shughuli za namna hiyo tele. Tazama suala la malka, yaani njia za kufikisha mifugo mtoni, zinazopita katikati ya mashamba. Hakuna jambo zito kuliko hilo kwa pande zote mbili. Sasa awekwe jukwaani mzee mmoja aliyechaguliwa kupima upana wa malka kwa hatua zake. Apimapo upande unaomfaa yeye, hatua zake ni ndefu kama za twiga. Apimapo upande wa pili, mguu unamuuma ghafula, hatua zinakuwa fupi, na hesabu inarudiwa. Mzee huyu asichekeshe. Apime kwa makini, akasirike kwa haki anaposahihishwa, amwite mjukuu wake awe shahidi, na mjukuu, kwa bahati mbaya, ajue kuhesabu. Hapo mwandishi hajalazimika kusema mzee ni wa kabila gani. Mkulima atamtambua jirani yake. Mfugaji atamtambua wake. Na wachache, wakiwa wakweli, watajitambua wenyewe. Kiswahili chake kiwe safi kabisa, tena kizuri kuliko cha wengine wote, maana mtu huyu amekaa katika mabaraza mengi na anajua kusema.

Si kwamba lugha itupwe nje. Mhusika bila lugha yake ni kinyago. Tofauti iko hapa: yale anayoyachagua kusema ni tabia, na yale ambayo ulimi wake hauwezi ni ajali tu. Mwanafunzi anayeigiza aketi sokoni asikilize namna mtu anavyokwepa swali la deni, anavyotaja jina la Mungu kabla ya bei, anavyonyamaza. Kazi hii ni ngumu kuliko kuiga lafudhi, na ndiyo sababu walimu waliobanwa na tarehe ya tamasha huikimbia.

Mapokeo ya mahali hapo yana mwalimu mzuri kuliko Gogol. Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa Ozi karibu na Kipini, ni shujaa katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ilhali katika masimulizi ya Wapokomo huonekana pia kama mtawala mzito aliyewatoza watu wa mto. Kithaka wa Mberia alichota kutoka kisa chake katika *Kifo Kisimani* (2001). Ndani ya kisa hicho kizito kuna walinzi wa gereza. Kila mara Saada aletapo chakula kizuri, wanakila wao. Alipoleta mkate wa wishwa, walimpa mfungwa kwa dharau, na tupa ilikuwa ndani yake. Walinzi hawa si wajinga wala hawana kigugumizi. Wanaulinda mlango barabara. Wana njaa ya kawaida ya watu waliosimama usiku kucha, na wanajua kutofautisha chakula kizuri na kibaya. Mwanafunzi wa Garsen akipewa nafasi ya mlinzi huyo, aanze na njaa hiyo: aupokee mkate kwa hamu, aunuse, aone ni wishwa, kisha amsukumie mfungwa kwa adabu yote ya mtu anayedhani ametenda wema.