Bwawa Alilolifagia Baba

Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba mwakani ninaenda Gqeberha, Afrika Kusini, kushiriki triathloni ya masafa marefu, walitaka kwanza kujua hiyo ni kitu gani. Nikawaeleza: unaogelea kilomita 3.8 baharini, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, unashuka unakimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Yote siku moja, na saa inakuhesabia. Walinyamaza kidogo. Halafu mmoja akasema, "Mbio, sawa, wewe ni Mkenya. Baiskeli, haya. Lakini kuogelea? Hiyo si ni mambo ya Wazungu, bana."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshalipa ada ya mashindano, ada isiyorudishwa, na sikuwa najua kuogelea. Nina miaka 43.

Lakini usiku kile kicheko kilinirudia. Baba yangu alifanya kazi kwenye bwawa la kuogelea kwa miaka 32, na hakuwahi kuingia ndani hata siku moja.

Alitoka Kangundo mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kijana wa miaka 17, akaandikwa kazi katika klabu moja ya Nairobi. Wanachama walikuwa Wazungu watupu. Kazi yake ilikuwa kuondoa majani kwa wavu wenye mti mrefu, kusugua vigae, kupima dawa, na kuhakikisha maji yanang'aa kabla wenyewe hawajaamka. Uhuru ukaja. Polepole wanachama wakaanza kubadilika rangi. Rangi ya maji ikabaki ile ile, na sheria ya wafanyakazi pia ikabaki: mfanyakazi haingii majini.

Nikiwa na miaka saba, shule zikiwa zimefungwa, alinipeleka kazini siku moja. Nilichuchumaa kwenye ukingo nikachovya kidole. Kofi lilinifikia mkononi kabla kidole hakijakauka. "Unataka nifutwe?" Sikulia kwa sababu ya kofi. Nililia kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona Baba ameogopa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuogelea si kwetu, ninajua anachosema. Nilichotaka kujua, nikiwa ninajiandaa, ni nani alikata shauri hilo, na lini.

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mwalimu wangu ni binti wa Lamu, umri wake kama nusu ya wangu. Aliniambia nijilaze juu ya maji kifudifudi. Miguu yangu ikashuka kama nanga. Miaka ishirini ya kukimbia imenipa mapaja mazuri na vifundo vya miguu vilivyokakamaa. Nikipiga maji kwa miguu ninabaki pale pale, wakati mwingine ninarudi nyuma. Mita 25 za kwanza zilinichukua majuma matatu. "Mzee, wewe unapigana," alikuwa akiniambia. "Toa pumzi ndani ya maji. Usiifiche."

Tangu shule ya msingi nilikuwa nimesikia kwamba mtu mweusi haelei, ati mifupa yake ni mizito. Niliamini. Kila nilipozama nilijiambia, si unaona? Mpaka siku mwalimu, ambaye ni mweusi kuniliko, alipojilaza chali katikati ya bwawa akafumba macho kama mtu aliye kitandani. Nikaanza kusoma.

Mwaka wa 1602 Mholanzi Pieter de Marees alichapisha kitabu kuhusu Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Humo alieleza jinsi wenyeji, wanaume kwa wanawake, walivyokuwa hodari wa kuogelea na kupiga mbizi. Si yeye pekee. Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika hivyo hivyo kuhusu Afrika Magharibi. Walishangaa kwa sababu kwao mambo yalikuwa kinyume. Wazungu wengi wa zama hizo, hata mabaharia, hawakujua kuogelea, na maji mengi waliyaogopa kama mimi.

Upande wetu wa bara habari ni chungu zaidi. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wazamiaji wengi walioteka lulu katika Ghuba ya Uajemi walikuwa Waafrika, na miongoni mwao walikuwamo watumwa waliochukuliwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mtu anabanwa pua, anafungiwa jiwe mguuni, anashuka kwa pumzi moja. Sasa hao nao mifupa yao ilikuwa ya nani?

Hata mtindo wenyewe ninaofundishwa, ule wanaouita mtindo huru, una historia yake. Mwaka wa 1844 Waojibwe kutoka Amerika ya Kaskazini waliogelea mbele ya watazamaji katika bwawa moja la High Holborn, London. Mikono yao ilizunguka juu ya maji, miguu ikapiga kwa kupokezana. Walikuwa na kasi ya ajabu. Waingereza waliwaona washenzi: mikono kama mapanga ya kinu cha upepo, maji yanaruka kila upande. Wakaendelea na mtindo wao wa chura, wa kistaarabu. Ni kwa mtindo huo Matthew Webb alivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka wa 1875, akatumia karibu saa 22.

Karne ikaisha kabla hawajabadili nia. Wengi humtaja Alick Wickham, kijana kutoka Visiwa vya Solomon aliyekuwa akiishi Sydney, kuwa mmoja wa walioonyesha Waaustralia jinsi watu wa Pasifiki wanavyoogelea. Kisha akaja Duke Kahanamoku, mzaliwa wa Honolulu, Hawaii, akashinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Mambo ya Wazungu, bana.

Ufuo wa Waikiki, alikokulia Kahanamoku, ndio uliozaa mashindano ninayojiandalia. Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy walikuwa wakiishi Hawaii. Mwaka wa 1977 katika hafla ya wakimbiaji, ubishi ulizuka: nani mwenye mwili imara zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli? Collins akapendekeza waunganishe mashindano matatu yaliyokuwa tayari kisiwani: kuogelea kwa Waikiki, baiskeli kuzunguka kisiwa cha Oahu, na Marathoni ya Honolulu. Atakayemaliza wa kwanza aitwe mtu wa chuma.

Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 walianza, 12 wakamaliza. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. John Dunbar, aliyekuwa wa pili, aliongoza mpaka maji ya kunywa yakawaishia wasaidizi wake, wakampa bia. Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, na aliwashinda wanaume wote isipokuwa wanne. Ubishi wa watu waliokuwa wakinywa pamoja sasa ni mashindano ya dunia nzima, na muda wa mwisho kwa kawaida ni saa 17. Ukikawia zaidi ya hapo, hujafika. Mababu walisema kawia ufike, lakini hawakukutana na Wamarekani.

Muda unaoninyima usingizi ni wa kwanza: saa mbili na dakika 20 kutoka majini. Ukizidisha, unavuliwa kifaa mguuni, baiskeli yako huioni. Mbio zote ninazozijua hazitanifaa kitu kama sijapita mlango wa bahari. Na mlango huo, huko ninakoenda, ulikuwa na kufuli halisi.

Gqeberha ndio mji uliojulikana kama Port Elizabeth hadi mwaka wa 2021. Mashindano huanzia Hobie Beach, mchanga mzuri, upepo mkali. Mwaka wa 1953 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria ya kutenga huduma za umma, na mwaka wa 1960 ikairekebisha ili iguse waziwazi ufuo na bahari. Fukwe bora zikawa za Wazungu, mabango yakasimikwa mchangani. Mtu mweusi aliweza kupita pale akiwa yaya, amebeba taulo la mtoto wa mwenyewe, lakini kuoga alipaswa kwenda kwingine, mara nyingi kwenye miamba na mikondo mibaya. Ni Novemba 1989 F. W. de Klerk alipotangaza kwamba fukwe zote zifunguliwe, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1989 mimi nilikuwa mtoto wa shule, kidole changu kimeshapigwa.

Kwetu Kenya hakuna mtu aliyehitaji kuandika sheria ya bahari. Watoto wa Lamu na wa Homa Bay wameogelea siku zote bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini sisi wa bara, wa Nairobi, maji yetu yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na mto na machimbo ya mawe yaliyojaa mvua, yanayoua watoto hadi leo, na kulikuwa na bwawa la kuogelea, lililojengwa klabuni, hotelini na katika shule za Wazungu. La kwanza mama alikukataza, la pili mlinzi alikukataza. Hivyo ndivyo kizazi kinavyokua hakijui kuogelea, kisha kinaambiwa ni mifupa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa ni zamu yangu kuundwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko bwawani saa kumi na mbili asubuhi. Jumanne na Alhamisi ninakimbia. Jumamosi ninaendesha baiskeli kutoka Kiserian kuteremka barabara ya Magadi. Kushuka ni raha. Ziwa liko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari na joto lake ni la tanuri. Kurudi ndiko kunakonifundisha. Huko nimejifunza kula nikiwa juu ya baiskeli, ndizi na viazi vitamu vyenye chumvi, kwa sababu mwili hauwezi kumaliza siku kama hiyo kwa akiba ya jana.

Kisha kuna maandalizi ambayo hayatoi jasho. Tangu Januari 2023 Mkenya haitaji viza kuingia Afrika Kusini kwa siku 90, lakini anahitaji kadi ya manjano ya chanjo. Baiskeli inafunguliwa, inawekwa sandukuni, inalipiwa kama abiria wa pili. Nimenunua suti ya mpira kwa maji baridi, mitumba, ina kiraka kwapani.

Mwezi uliopita nilishuka Mombasa kujaribu bahari yenyewe. Ufuo wa Pirates ulikuwa umejaa watu wa bara wenzangu, wamekodi tyubu za magari, wamezishika kama roho zao. Nilipita katikati yao nikaelekea kina. Nilipoacha kuona mchanga, pumzi ilikatika. Nilielewa kwa nini husemwa mfa maji haishi kutapatapa. Mikono ilikuwa ikifanya kazi bila kuniuliza. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu: toa pumzi, usiifiche. Nikageuka chali. Bahari ikanibeba. Nilikaa hivyo muda mrefu nikitazama mawingu, kisha nikaogelea kilomita moja na nusu sambamba na ufuo. Bado ninadaiwa mbili na zaidi.

Jumamosi iliyopita sikwenda Magadi. Nilimleta Baba bwawani. Ana miaka themanini sasa, anatembea na bakora. Nilidhani atavutiwa na mwendo wangu. Alisimama kwenye ukingo, akanusa, akakunja uso. "Dawa imezidi," akasema. "Nani anapima hapa?" Kijana wa bwawa akaitwa, na kwa robo saa nzima Baba alimweleza mambo ya klorini na majani ya mwarobaini, huku mimi nikienda na kurudi, kwenda na kurudi, bila mtu wa kunitazama.

Nilipotoka nilimkuta ameketi ukingoni. Viatu amevipanga pembeni, soksi ndani yake, suruali ameikunja hadi magotini. Miguu iko majini.

Aliniona nikimtazama, akaangalia kushoto na kulia, kama mtu anayemtafuta bosi.

"Ni joto," akasema. "Sikujua ni joto."

Sikujua la kumjibu. Nilikaa kando yake. Baada ya muda akaniuliza mtu mzima hulipa pesa ngapi kuingia, na kama wanafungua Jumapili.