Mwani mdogo katika chakula cha samaki: unasaidia nini, na hausaidii nini

Ukitaja mwani hapa Pwani, wengi hufikiria ule unaolimwa Kibuyuni, Kwale. Lakini upo mwani mwingine mdogo mno, usioonekana bila hadubini, ambao hufanya maji ya kidimbwi yageuke kijani. Mwani huo sasa hukaushwa, husagwa na kuchanganywa katika chakula cha samaki wa kufugwa.

Unaotumika zaidi ni spirulina. Kwa hakika huu ni jamii ya bakteria inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ila umezoeleka kuhesabiwa pamoja na mwani. Humea wenyewe katika maziwa ya magadi kama Bogoria na Nakuru, na rangi ya waridi ya heroe hutokana nao. Zaidi ya nusu ya uzito wake ukiwa mkavu ni protini. Mwingine ni Haematococcus, wenye astazanthini, rangi ile ile inayojitokeza kamba anapopikwa akawa mwekundu.

Faida yake ni ipi? Samaki akipumua na kusaga chakula, mwilini mwake huzalika chembe huru, zinazoshambulia mafuta ya seli, protini na ini. Mwili hujilinda kwa vimeng'enya kama supaoksaidi dismutesi na katalesi, vinavyozivunja chembe hizo. Maji yakipata joto kali, samaki wakisongamana, amonia ikizidi au hewa ikipungua, chembe huru huwa nyingi kuliko kinga. Samaki hudumaa, na maradhi humwingia kwa urahisi.

Rangi zilizomo katika mwani, kama fikosianini ya spirulina na karotini, ni antioksidanti: huzituliza chembe hizo kabla hazijaharibu. Katika majaribio mengi ya tilapia waliolishwa spirulina, vimeng'enya vya kinga vilionekana kufanya kazi zaidi, na malondialdehidi, ambayo ni alama ya mafuta ya mwili kuharibika, ikapungua. Utafiti wa Misri uliochapishwa 2009 uliona kuwa gramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya chakula zilitosha kuongeza ukuaji wa tilapia na kinga yake dhidi ya bakteria wa Aeromonas.

Kwa kipimo hicho, kilo 100 za chakula zinahitaji nusu kilo hadi kilo moja ya unga wa spirulina. Basi ni kiungo cha kuongezea, si badala ya dagaa, mashudu au pumba. Na kwa kuwa fikosianini huharibika kwa moto, unga utiwe chakula kikishapoa, kisha kianikwe kivulini. Chakula kilichokaa hadi mafuta yake yakaharibika na kunuka hakiokolewi na mwani. Chenyewe humwongezea samaki chembe huru.

Mfugaji wa mwatiko ana bahati yake. Samaki huyu kwa asili hula utando wa mwani unaoota chini ya kidimbwi. Wafilipino huuita lab-lab, nao huutia mbolea makusudi ili uote kabla ya kuweka vifaranga. Kidimbwi cha maji ya chumvi kilichokaushwa vizuri, kikatiwa samadi kwa kiasi na kujazwa maji kidogo kidogo, humpa mwatiko sehemu ya antioksidanti hizo bila kununua unga.

Hata hivyo, si kila kijani ni chakula. Microcystis, unaotanda juu ya maji baridi yenye mbolea nyingi kama povu la rangi, hutoa sumu inayoharibu ini la samaki. Na mwani wowote ukizidi, mchana hutoa hewa lakini usiku huivuta. Ukiwaona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, punguza chakula na uingize maji mapya kwanza. Unga wa spirulina utasubiri.