Gari linapotetema katika mwendo wa kasi: vyanzo na namna ya kuvitambua

Madereva wengi wanaotumia barabara kuu, iwe kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Nairobi na Nakuru, Muscat na Salalah au katika barabara za mwendo wa kasi za Uingereza, wamewahi kukutana na hali hii: gari linakwenda vizuri mjini, lakini likikaribia kilomita 90 au 100 kwa saa, usukani au kiti huanza kutetema.

Aghalabu dereva hupunguza mwendo, mtetemo ukatoweka, naye akaendelea na safari akiamini kwamba tatizo limekwisha. Siku chache baadaye huenda gereji, akaambiwa anunue shokapu, boljointi au hata rimu mpya. Baada ya kulipa fedha nyingi, mtetemo hubaki pale pale.

Mara nyingi chanzo huwa ni kidogo na matengenezo yake ni ya gharama nafuu. Hata hivyo, dalili hiyo hiyo yaweza kuwa onyo la mwisho kabla tairi halijapasuka au gurudumu halijachomoka. Ndiyo maana ukaguzi una utaratibu wake: huanza na kile kinachoweza kuua, hufuata kile kilicho rahisi kupima, na vipuri vya bei ghali huja mwisho.

Kwa nini mtetemo huja na kasi

Gurudumu la gari dogo lenye tairi la ukubwa wa 205/55 R16 husogea karibu mita 2 kila linapozunguka mara moja. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde.

Iwapo upande mmoja wa gurudumu ni mzito kuliko mwingine, uzito huo wa ziada huvuta kuelekea nje katika kila mzunguko. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya mvuto huo huongezeka mara 4.

Tofauti ya gramu 30 tu kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16 huleta, katika kilomita 100 kwa saa, mvuto unaokaribia uzito wa kilo 5. Katika kilomita 50 kwa saa mvuto huo ni zaidi kidogo ya kilo 1, na dereva hauhisi.

Iko pia sababu ya pili. Gurudumu lililoshikiliwa na springi na shokapu lina mtikisiko wake wa asili, ambao katika magari mengi huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa gurudumu unapolingana na mtikisiko huo, mtetemo hukua ghafla.

Ndiyo sababu gari laweza kutetema kati ya kilomita 90 na 110 kwa saa, kisha likatulia likifika 120. Kutulia huko hakumaanishi kwamba kasoro imeondoka.

Mambo matatu ya kukagua kwanza

Dereva anayehisi mtetemo mpya, ambao jana haukuwapo, anashauriwa kupunguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, kuegesha mahali salama nje ya njia, na kukagua mambo matatu kabla ya kuendelea na safari.

La kwanza ni nati za magurudumu. Nati zilizolegea, hasa baada ya kuziba pancha au kubadilisha tairi, huleta mtetemo unaozidi kila baada ya kilomita chache, pengine pamoja na mlio wa kugonga hata gari linapokwenda polepole. Gurudumu lililofungwa upya hukazwa kwa kukingamisha, yaani kutoka nati moja kwenda ile iliyo mkabala nayo, na nati hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

La pili ni uvimbe ubavuni mwa tairi. Uvimbe huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi baada ya gari kugonga shimo au ukingo wa barabara. Tairi la namna hiyo halitengenezeki. Huvuliwa hapo hapo na kuwekwa tairi la akiba.

La tatu ni meno ya tairi yaliyoinuka au kupinda sehemu moja. Hiyo ni ishara kwamba tabaka la juu, pamoja na mikanda ya chuma iliyomo ndani yake, limeanza kuachana na mwili wa tairi. Dalili hii ina alama yake: mtetemo au mlio wa kupigapiga husikika hata katika kilomita 30 au 40 kwa saa, na huongezeka siku hadi siku. Uzito usiolingana peke yake hausikiki katika mwendo mdogo namna hiyo.

Funzo kutoka Ghuba na Marekani

Hatari ya tairi kuachana matabaka ilijulikana duniani kote mwezi Agosti mwaka 2000, pale kampuni ya Firestone ilipotangaza nchini Marekani kuyarejesha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini humo vilipindukia 200.

Kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana katika nchi za Ghuba. Mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya tangazo la Marekani, Ford ilianza kubadilisha matairi ya magari yake nchini Saudi Arabia na katika nchi jirani.

Joto, mwendo wa kasi, mzigo mkubwa na upepo pungufu ni mambo yanayozidisha hatari hiyo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hupinda mno linapozunguka, hupata joto, na joto hilo hudhoofisha gundi inayoshikilia matabaka yake. Sheria iliyopitishwa na bunge la Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 ndiyo iliyofungua njia ya magari mapya nchini humo kuwekewa taa inayomwonya dereva upepo unapopungua.

Unahisiwa wapi, na wakati gani

Ikiwa tairi na nati hazina kasoro ya kuonekana kwa macho, hatua inayofuata ni kutambua mahali mtetemo unapohisiwa na wakati unapotokea. Ni vyema jaribio hili lifanyike mchana, katika barabara isiyo na magari mengi na bila kuvuka kiwango cha mwendo kilichowekwa kisheria, huku abiria ndiye anayeandika.

Usukani ukitetema, chanzo aghalabu kiko kwenye magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitetema ilhali usukani umetulia, yamkini chanzo kiko nyuma.

Mtetemo ukitokea pale tu breki inapokanyagwa, diski za breki ndizo za kushukiwa kwanza. Mara nyingi diski hizo zimekuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kutu iliyobaki kati ya diski na kitovu cha gurudumu, au nati zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana, zaweza kuleta hali hiyo.

Mtetemo ukitokea wakati dereva anakanyaga mafuta na kutoweka anapoondoa mguu, uchunguzi huelekezwa kwenye shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, hasa viungo vyake vya ndani, na kwenye mipira inayoshikilia injini na giaboksi.

Kwa malori, mabasi, pikapu na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela nayo hukaguliwa. Propela huzunguka mara 3 hadi 4 au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo mtetemo wake ni wa harakaharaka na huhisiwa sakafuni kama mvumo. Krosi zilizolika, au propela iliyofungwa vibaya baada ya matengenezo, ndizo sababu za kawaida.

Beringi iliyochakaa hutambulikana zaidi kwa sauti kuliko kwa mtetemo. Huvuma, mvumo ukaongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi, na mara nyingi hubadilika gari linapokata kona.

Ili kuiondoa injini katika orodha ya washukiwa, gari husimamishwa, gia huwekwa huru, na injini hupandishwa hadi kasi ile ile iliyoonekana kwenye kipimo wakati wa mtetemo. Gari likitetema likiwa limesimama, tatizo haliko kwenye magurudumu.

Tope, barafu na gari lililoegeshwa

Kabla ya kulipia kipimo chochote, magurudumu yafaa kuoshwa upande wa ndani. Katika msimu wa mvua, tope la barabara za udongo hujazana ndani ya rimu na kukauka, na bonge la gramu mia moja latosha kutetemesha gari zima. Kwa wanaoishi Ulaya ya kaskazini, Canada na majimbo ya baridi ya Marekani, barafu iliyogandamana ndani ya rimu hufanya hayo hayo.

Gari lililoegeshwa kwa wiki kadhaa, kwa mfano wakati mwenyewe alipokwenda likizo, laweza kutetema kwa kilomita za mwanzo kwa kuwa tairi limebonyea mahali lilipogusa chini. Tairi likipata joto la safari hurudi katika umbo lake. Mtetemo ukibaki baada ya nusu saa ya mwendo, sababu ni nyingine.

Kipo kipimo kingine kisichohitaji zaidi ya jeki, spana na mahali tambarare: kubadilishana magurudumu ya mbele na ya nyuma ya upande mmoja, iwapo ni ya ukubwa sawa. Mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kwenye kiti, ni dhahiri kwamba chanzo ni tairi au rimu, wala si shokapu au boljointi.

Balansi si alaimenti

Makosa mengi gerejini hutokana na kuchanganya kazi hizi mbili. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa kupachika vipande vidogo vya madini kwenye rimu. Alaimenti ni kurekebisha mwelekeo wa magurudumu ili yaende sambamba.

Alaimenti mbovu hulifanya gari kuvuta upande mmoja na tairi kuliwa isivyo sawa. Yenyewe haileti mtetemo moja kwa moja. Ni tairi lililokwisha kuliwa vibaya ndilo litakalotetema baadaye. Anayelipia alaimenti peke yake ili kuondoa mtetemo aghalabu hurudi nyumbani na tatizo lake.

Hata gurudumu lililofanyiwa balansi laweza kuendelea kutetema. Rimu iliyopinda au tairi lisilo duara kamili laweza kuwa na uzito sawa pande zote na bado likarukaruka barabarani. Kasoro hiyo huonekana gurudumu linapozungushwa polepole kwenye mashine, huku kitu kisichosogea kikiwekwa karibu na ukingo wake kama alama.

Rimu za kununua madukani nazo zina tatizo lake. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, gurudumu halikai katikati barabara, na huhitaji pete ya kuziba nafasi hiyo.

Boljointi, bushi na shokapu zilizochakaa kwa kawaida si chanzo cha mtetemo, bali huukuza. Zikikutwa zimelika ni lazima zibadilishwe kwa ajili ya usalama, lakini baada ya magurudumu kupimwa, si badala yake.

Umri wa tairi

Tairi huzeeka hata lisipotumika. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu 3 pekee lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kuwa barabarani.

Uingereza, tangu tarehe 1 Februari 2021, imepiga marufuku matairi yenye umri wa zaidi ya miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako magari mengi huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani na kwingineko. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, lakini tairi la akiba laweza kuwa na umri ule ule wa gari bila kuwahi kugusa barabara. Meno yake huonekana mapya ilhali mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogo.

Maelezo ya kumpa fundi

Dereva anayesema tu kwamba gari linatetema humwachia fundi kazi ya kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari. Maelezo yanayosaidia ni haya: mtetemo huanza na kuisha katika mwendo gani, huhisiwa usukanini, kwenye kiti au sakafuni, hutokea wakati wa kukanyaga mafuta, kukanyaga breki au muda wote, ulianza lini, na ni kazi gani iliyofanywa kwenye gari muda mfupi kabla yake.

Mtetemo wa zamani usiobadilika waweza kusubiri hadi gari lifikishwe gereji kwa mwendo wa wastani. Mtetemo ulioanza ghafla, unaozidi safari ikiendelea, au unaohisiwa hata katika mwendo mdogo hauvumiliki. Gari la namna hiyo, hasa lenye abiria, husimamishwa hadi chanzo chake kijulikane.