Nduthi ya Guka: Aliiba ama Alipewa?

Kwa familia yetu kuna kesi ambayo haijawahi kufika kortini, na ushahidi wote umelala kwa stoo ya shosho huko Kinangop, nyuma ya magunia ya viazi. Ni nduthi. Si boda. Ni ile ndefu, nyembamba, ya kuruka matuta ya matope, ingawa kwa miaka yangu yote 24 sijaiona ikiruka hata shimo. Guka alituacha mwaka jana, na siku ya kugawa vitu vyake Uncle mkubwa alisema hiyo ipelekwe kwa mtu wa vyuma, ipimwe kwa kilo, story iishe.

Story yenyewe ni hii. Miaka ya sabini Guka alikuwa fundi Industrial Area, Nairobi, ameajiriwa na mzungu mmoja aliyekuwa akishindana motocross. Mwaka wa jaribio la mapinduzi, 1982, alirudi nyumbani kwa lori la kabichi, kazi imeisha, na nyuma ya lori kulikuwa na pikipiki. Uncle alikuwa darasa la sita. Watoto wa shule wakamwambia babake ni mwizi. Amebeba hiyo kitu zaidi ya miaka 40. Shosho naye husema neno moja tu, "Alipewa." Ukimuuliza alipewa na nani, kwa nini, karatasi iko wapi, anakuongezea chai.

Nikaomba wiki mbili kabla ya mtu wa vyuma kuitwa. Nikabeba brashi ya waya, mafuta ya taa, tochi na simu. Nilikuwa nataka kujua tu hii ni pikipiki gani. Mambo ya mwizi sikuwa nayo akilini, nitakuwa mkweli.

Wengi wetu tunaijua motocross kwa video, ama kwa kwenda kuangalia pale Jamhuri Park. Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1924 huko Camberley, Uingereza, watu walikimbiza pikipiki kwa nyika na mchanga bila hesabu ya nidhamu za majaribio ya kawaida, mwenye kasi ndiye mshindi. Wafaransa wakaupenda, wakaupa jina linalotumika hadi leo. Ubingwa wa dunia wa cc 500 ulianza 1957 na ule wa cc 250 mwaka 1962. Siku hizo Ulaya ndiyo ilikuwa baba lao: Husqvarna za Sweden, CZ za Czechoslovakia. Wajapani wakaja polepole. Mbelgiji Joël Robert, aliyekuwa ameshinda kwa CZ, akahamia Suzuki na kuwapa ubingwa wa cc 250 mwaka 1970, halafu 1971, halafu 1972. Baada ya hapo Ulaya haikulala tena.

Kwa tangi ya Guka kumeandikwa YAMAHA kwa mkono, brashi na rangi nyeupe juu ya buluu. Hiyo si ushahidi. Hata mimi naweza kuandika FERRARI kwa mkokoteni. Lakini nyuma yake kuna kitu huwezi kuandika kwa brashi. Pikipiki nyingi za zamani zina shokomzoba mbili, moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Hii ina moja tu, ndefu kama mkono wangu, imelala chini ya tangi ikielekea shingo ya fremu, na ule mkono unaoshika gurudumu umejengwa kwa umbo la pembetatu.

Hapa nilikaa usiku mzima nikisoma. Wazo hilo lilikuwa la mhandisi Mbelgiji, Lucien Tilkens. Yamaha wakalichukua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akashinda ubingwa wa dunia wa cc 250 akiwa na hiyo shokomzoba moja. Siri yake ni rahisi kueleza: gurudumu lilipata nafasi ya kupanda na kushuka zaidi, kwa hivyo dereva hakuhitaji kupunguza mwendo kwa kila tuta. Mwaka 1975 Yamaha wakaanza kuwauzia watu wa kawaida YZ250 yenye mfumo huo, na 1976 ukafika kwa ndugu yake mdogo, YZ125.

Mdogo ama mkubwa? Kibao cha namba ndicho kiliniambia. Pembeni kuna kibao cha plastiki chenye tabaka tatu za rangi. Nikakwangua kwa ukucha: buluu, kijivu, halafu nyeusi, na kipande cha namba nyeupe. Kwa mashindano ya dunia kila daraja lilikuwa na rangi yake. Nyeusi na namba nyeupe ni cc 125, kijani ni 250, manjano ni 500. Nikakwangua na tangi. Chini ya buluu kuna nyeupe na mstari mwekundu. YZ za kuuzwa Marekani zilikuwa manjano. Nyeupe na nyekundu zilikuwa za Ulaya. Kwa hivyo hii haikutoka California.

Basi tuko na YZ125, na si ya baada ya 1980, kwa sababu ya 1981 ilianza kupozwa kwa maji na hiyo shingo ya fremu ingeonekana tofauti. Safi. Nikafurahi, nikapost picha. Wasee wawili wanaojua hizi vitu wakanicheka mara moja: "Bro, hiyo injini si ya YZ."

Kweli. Namba ya injini inaanza na 2K4, na hiyo ni DT175MX. DT ni pikipiki ya kazi, yenye taa na oili pampu yake. Yamaha walileta hiyo pampu mwaka 1964, na inachanganya oili na petroli yenyewe. YZ haina, unachanganya mwenyewe kwa mtungi, na ukisahau siku moja pistoni inakwama. Sasa fikiria mzee wa Kinangop akibeba maziwa saa kumi na moja asubuhi. Anataka ubingwa ama anataka kufika? Guka alikata vishikio vya injini kwa fremu akachomelea vingine. Taa ya mbele imeshikwa na vyuma ambavyo naapa ni vya dirisha, kwa sababu dirisha la jikoni la shosho lina vyuma hivyo hivyo.

Magurudumu pia ni ya DT. La mbele hata lina mahali pa kuunga waya wa kuonyesha spidi, kitu ambacho pikipiki ya mashindano haihitaji. Kwa hivyo mtu anaweza kusema hii ni takataka ya kuungaunga. Mnunuzi mmoja alisema hivyo. Ananipa elfu 60 kwa fremu, na "hiyo injini ya DT tupa."

Ni hapo ndipo nilianza kufikiria ile kesi.

Chini ya meza ya Guka kulikuwa na gunia. Ndani: kasha la injini ya YZ lenye tundu linaloingia vidole vitatu, mahali konrodi ilivunjika ikatokea nje. Silinda imekwaruzwa kama ubao wa kukata sukuma. Bomba la eksosi limepasuka. Kabureta hakuna. Magurudumu ya YZ hayako popote kwa boma, na nimetafuta mpaka kwa zizi. Uma wa mbele ni wa mashindano, lakini mguu mmoja uliwahi kupinda, ukanyooshwa; ukiweka rula unaona.

Sasa panga hivyo vitu kwa mafungu mawili. Kila kitu kilichobaki kutoka kwa pikipiki ya kwanza kilikuwa kimevunjika, kimepinda ama kimepasuka. Kila kitu chenye thamani kilikuwa kimetolewa. Mwizi hufanya kinyume: anabeba magurudumu na kabureta, anakuachia gunia la vyuma. Hii inafanana na pikipiki ambayo mwenyewe aliichagua spea nzuri, mabaki akayasukuma kando. Na kumbuka mwaka. Kufikia 1982 YZ125 mpya zilikuwa za maji. Hii ilikuwa imezeeka kwa mashindano hata kabla ya kutoboka.

Kitu ingine. Namba ya fremu iko upande wa kulia wa shingo. Imeshikwa na kutu lakini iko, haijaguswa na tupa. Na Guka alichomelea karibu sana na hapo alipoongeza chuma cha kushika taa. Ukiangalia, ule mshono wa kuchomelea unakuja, unakatika kabla ya namba, unaendelea ng'ambo. Aliiruka makusudi. Mtu anayeficha kitu angepitisha moto juu yake, na angekuwa na sababu nzuri kabisa ya kusema ilikuwa bahati mbaya.

Nilimpigia Uncle nikamweleza yote haya. Alinyamaza, halafu akasema, "Hata kitu kibovu kina mwenyewe." Na ako sawa. Bolti haisemi "nilipewa." Sina karatasi, na mzungu mwenyewe sijui alienda wapi. Lakini ile picha ya utotoni mwake, ya baba anayetoka usiku na pikipiki ya tajiri, haiingiani na hili gunia. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, na akakata simu.

Jumamosi akaja bila kusema. Nilikuwa nahangaika na skrubu za kifuniko cha injini. Pikipiki za Japani zina skrubu zinazofanana na zile za kawaida za msalaba, lakini kichwani mara nyingi kuna nukta ndogo, na mfereji wake umechongwa tofauti. Ukitumia bisibisi ya kawaida inateleza na kula kichwa. Zangu tatu zilikuwa zimeshaliwa na fundi wa hapo sokoni aliyeitengeneza mwisho. Zilizobaki, zile ambazo Guka peke yake aliwahi kuzigusa, ni kama mpya.

Uncle alisimama kwanza kwa shingo ya fremu. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua kutu, akasoma namba kwa sauti, moja moja. Akaniangalia nikiteleza na bisibisi yangu ya soko. Akaenda kwa rafu ya juu, akapapasa nyuma ya mikebe ya rangi bila kuangalia, akatoa bisibisi fupi ya mpini wa mbao, ncha yake butu.

"Tumia hii," akasema. "Alikuwa anatuchapa tukiigusa."