Baraza la Walio Mbali

Tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege na kumbi za vyuo, warsha ya mtandaoni imekuwa jambo la kawaida kwa watu wa fasihi, historia na lugha. Waandaaji hutangaza mwaliko wa makala. Mwenye jambo hupeleka ikisiri ya maneno mia mbili au mia tatu kabla ya tarehe iliyowekwa. Wasomaji wawili watatu huipima. Aliyekubaliwa hutakiwa alete makala kamili wiki kadhaa kabla, ili wenziwe waisome huko huko waliko. Siku ikifika, watu hawakutani kusomeana bali kuulizana. Wengi huuona utaratibu huu kuwa mgeni. Mimi nauona wa kale uliovaa kanzu mpya, na kwetu sisi watu wa visiwani una historia yenye suala ambalo halijaamuliwa hata leo: nani huhesabiwa kuwa mwenye makala?

Natuanze na washairi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipokuwa na uhasama na Pate na Mombasa, uhasama ambao mwisho wake ulikuwa vita vya Shela, mashairi yalivuka maji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, Zahidi Mngumi wa Lamu na Ali Koti wa Pate walikuwa miongoni mwa waliotupiana maneno ya kukejeli, kuonya na kutishana, kila mmoja akiwa kwao. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo katika kitabu cha Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichotoka mwaka 1995. Anayekisoma atautambua mpango wenyewe. Mada ni moja, wasemaji wametengana, maneno husafiri badala ya watu, na wasikilizaji wa kila bandari ndio wanaopima nani kajibu na nani kakwepa. Zaidi ya hayo, kila kauli ina mwenyewe. Hakuna aliyeuliza Muyaka alisoma chuo gani.

Miaka mia moja baadaye mambo yaligeuka. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na bingwa wa hati za Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya walipotaka tenzi za Kiswahili, yeye ndiye aliyewanakilia: Alice Werner, William Hichens, ambaye mwaka 1939 aliichapisha Al-Inkishafi mjini London, na Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Vifurushi viliondoka Lamu kwa meli ya posta, na barua zikarudi na maswali juu ya neno hili na ubeti ule. Ukizitazama nakala zake zilizohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, utaona mkono wa mtu aliyejua anachokiandika na si kunakili tu. Kwa kipimo chochote cha haki, zile zilikuwa makala zilizowasilishwa kwenye mjadala wa wasomi. Lakini mjadala wenyewe ulifanyika kwa Kiingereza na Kijerumani, kwenye majarida ambayo yeye hakuwa na kiti. Aliitwa mwandishi wa hati, akalipwa kwa kazi hiyo. Kitabu chenye jina lake juu ya jalada, kilichohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, kilitoka mwaka 2010, miaka 65 baada ya kufa kwake.

Wakati huo huo, kupima maandishi ya watu kwa posta kulikuwa kumeshafanywa kazi rasmi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilipokea miswada ya vitabu vya Kiswahili, ikaisoma na kuipa au kuinyima idhini. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Unguja ilitoa lahaja. Waunguja hawakuitwa kupima.

Mtandao ulipokuja, ulikuja na ahadi ya kuyafuta haya. Mwaka 1987 Willard McCarty, akiwa Toronto, alianzisha Humanist, mazungumzo ya wanataaluma kwa baruapepe. Mwaka 1990 likazaliwa Marekani jarida la Postmodern Culture, lililowafikia wasomaji wake kwa njia hiyo hiyo. Kwetu njia ya chini ya bahari haikuwa ngeni: waya wa simu za maandishi ulifika Unguja tangu mwaka 1879. Mkongo mpya wa Seacom ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Mwishoni mwa mwaka huo huo Unguja nzima ilikosa umeme wa gridi kwa kiasi cha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika pamoja, mtandao wa Tanzania ukazorota kwa siku kadhaa. Muandaaji aliyepanga tarehe ya mwisho wiki ile, kama hakuongeza siku, alichagua washiriki wake bila ya kusoma hata ikisiri moja.

Ila waya hutengenezwa. Kizuizi kigumu zaidi kimo ndani ya fomu. Miaka michache iliyopita nilitaka kupeleka ikisiri kwenye warsha moja ya tafsiri ya ushairi, ambayo sitaitaja. Fomu ikapokea jina langu, ikapokea anwani ya makala, ikafika penye kisanduku cha chuo ninakotoka na ikakataa kuendelea. Sina chuo. Nimejifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa wazee. Nikaandika jina la mtaa wangu, ikaridhika! Tofauti yangu na Kijuma ikawa kisanduku kimoja, na si kwa ujuzi, kwani mimi sifiki hata kwenye nyayo zake.

Mifano mizuri ipo. Jarida la Swahili Forum, lililoanza Köln mwaka 1994 na ambalo sasa husomwa bure mtandaoni, limekuwa likichapa makala za Kiswahili bega kwa bega na za Kiingereza. Warsha nazo zaweza kufuata njia hiyo: mwaliko uandikwe pia kwa lugha inayojadiliwa, kisanduku cha chuo kiruhusiwe kubaki kitupu, wasomaji wapelekewe ikisiri bila jina wala chuo, makala ipokewe kwa baruapepe nyepesi, na sauti iliyorekodiwa ikubaliwe kwa aliyekatikiwa na umeme. Tena waseme saa ya mwisho ni ya wapi, maana saa sita ya usiku ya Hamburg si ya Mkunazini.